Vitufe kwenye viti vya Josef Hoffmann: vinashika kiti au vinapamba tu?

#1 Jirani wa Danube (Vienna)

Wakuu, habari za leo.

Josef Hoffmann, msanifu majengo wa Austria, alibuni viti kadhaa kwa kiwanda cha Jacob & Josef Kohn mwanzoni mwa miaka ya 1900. Karibu vyote vinavyotajwa kwa jina lake vina vitufe vya mbao, ukubwa wa gololi kubwa, pale mguu unapokutana na fremu ya kikalio. Kiti cha chumba cha chakula cha sanatoria (nyumba ya matibabu na mapumziko) ya Purkersdorf, nje kidogo ya Vienna (1904–05), kinavyo. Kiti cha ukumbi wa burudani wa Fledermaus (1907) kinavyo. Kile maarufu kuliko vyote, Sitzmaschine, yaani mashine ya kukalia, cha mwaka 1905 hivi, kinavyo vingi zaidi.

Maelezo ninayokutana nayo kila mahali ni kwamba vitufe vinaimarisha kiungo. Mimi siamini. Programu ya kazi ya Wiener Werkstätte (karakana za ufundi za Vienna) ya 1905, aliyoiandika Hoffmann pamoja na msanii mwenzake Koloman Moser, inasema wanaanzia kwenye matumizi ya kitu. Kwa hiyo ikabidi kila pambo litafutiwe kazi. Naona hivi vitufe ni pambo, kazi ilitafutwa baadaye.

Waseremala na wasanifu wa humu, mnasemaje?

#2 Msomaji Kimya

Nimeweka kambi hapa. Waje wajuzi.

#3 Seremala wa Keko

Mkuu, hujawahi kupiga kiti kikaliwe na watu wazito kila siku, ndiyo maana unasema hivyo.

Kiti kinakufa sehemu moja: pale mguu unapoingia kwenye kikalio. Mtu akiegemea nyuma, miguu ya mbele inainuka, mzigo wote unakwenda kwenye ulimi mmoja wa mbao wenye gundi. Ukilegea kidogo, unaanza kucheza. Ukianza kucheza, tundu linapanuka, na hapo kiti kimekwisha. Sisi tunazuia kwa kupiga viungo vya chini kati ya mguu na mguu, au kwa kona za mbao chini ya kikalio. Viti vya zamani vya mbao za kupinda vilikuwa na pete nzima inayozunguka miguu kwa ndani.

Angalia picha za hicho kiti cha Purkersdorf. Pete haipo. Viungo vya chini hakuna mahali vinapokutana na miguu ya mbele kwa namna ya kusaidia kikalio. Sasa ukiondoa pete, kitu gani kinashika? Kitufe kinakaa kwenye pembe, kinagusa mguu na kinagusa fremu, kinapigwa gundi na skrubu. Ni ile kona yetu ya mbao, ila imekerezwa ikawa ya mviringo. Hapo mimi naona ufundi.

#4 Chaki Nyeupe

Asante fundi kwa somo. Kumbe Hoffmann ndiye aliyegundua namna ya kupinda mbao kwa mvuke? Maana kila picha ya kiti cha kupinda naona jina lake.

#5 Mzee wa Minada (Brussels)

Hapana, Chaki Nyeupe. Kupinda mbao kwa kiwango cha kiwanda ni kazi ya Michael Thonet, aliyezaliwa Boppard, Ujerumani, mwaka 1796 na kuhamia Vienna mwaka 1842. Hoffmann alizaliwa 1870, na Thonet alifariki 1871. Hawakuwahi kufanya kazi zama moja.

Thonet alipata haki ya pekee ya kupinda mbao nzima mwaka 1856. Mwaka 1859 akatoa kiti namba 14, kile cha mikahawa ambacho kila mtu amekiona hata kama hajui jina lake. Kilikuwa vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kilisafirishwa kikiwa kimefunguliwa, viti 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Hadi 1930 vilikuwa vimeuzwa karibu milioni 50.

Haki ya pekee ilikwisha 1869. Hapo ndipo Kohn na wengine wakaingia sokoni. Kohn walijenga kiwanda Wsetin, Moravia (siku hizi ni Jamhuri ya Czech), karibu na misitu ya biichi (mti wa misitu ya Ulaya, Wajerumani huuita Buche). Kwa hiyo Hoffmann alikuta teknolojia iko tayari kwa miaka arobaini na zaidi. Alichofanya ni kuilazimisha iende mahali ambapo haikuwa imezoea kwenda: kwenye mraba.

#6 Jirani wa Danube

Mzee wa Minada, hapo kwenye mraba ndipo penye utamu. Watu wa Vienna walimpa jina la utani, Quadratl-Hoffmann, Hoffmann wa vimraba, kwa jinsi alivyoweka mraba kila mahali: kwenye vikapu vya chuma, vijiko, milango, mpaka migongo ya viti.

Kama kuna mtu atapita Vienna, aende jumba la makumbusho la MAK pale Stubenring. Kuna chumba kilichopangwa na msanii Barbara Bloom: viti vya Thonet, Kohn na wengine vimewekwa nyuma ya vitambaa vyeupe na kumulikwa, unaona vivuli tu. Ukipita katikati unaona historia nzima ya mstari. Viti vya mwanzo vimejikunja kama mizizi, halafu taratibu mstari unanyooka. Kwenye vivuli, vitufe vinaonekana wazi kama nukta. Ndipo swali hili liliponishika. Kitu kinachoonekana vile kwenye kivuli, mtu alikiweka ili kionekane.

Seremala wa Keko, hoja yako naiheshimu, lakini ingekuwa ni kona ya mbao tu, si ingefichwa chini ya kikalio?

#7 Kerezo

Nakereza mbao kwa riziki yangu, naomba niongeze jambo ambalo hakuna aliyelitaja: gharama.

Kitufe ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye mashine ya kukereza. Vipande vifupi vya mbao vilivyobaki, ambavyo kiwanda kingevitupa tanurini, vinatosha kabisa. Kona ya mbao inahitaji kukatwa kwa pembe sahihi, na mguu wa mviringo ukikutana na fremu iliyopinda, pembe inakuwa tofauti kila upande. Kitufe hakina pembe. Ukikigeuza vyovyote kinakaa. Kwenye kiwanda chenye mamia ya wafanyakazi, kitu kisichohitaji kupimwa mara mbili ni pesa.

Kwa hiyo maelezo yangu ni ya tatu: si nguvu, si urembo. Ni njia nyepesi ya kujaza pembe ngumu. Nguvu na urembo vilikuja bure.

#8 Msomaji Kimya

Kerezo umeua. Endelea.

#9 Seremala wa Keko

Jirani umeuliza kwa nini hakuficha. Kwa sababu kilicho chini ya kikalio hakikuokoi mguu ukisukumwa kwenda pembeni kama kinachokaa kwenye pembe yenyewe. Pia mteja wa mkahawa anataka kuona kiti kimeshikwa. Hata hapa Keko, mteja anatikisa kiti kabla hajauliza bei.

#10 Mchora Ramani (Nairobi)

Wadau, mnajadili vizuri lakini mmeruka hatua moja: mna uhakika gani kwamba vitufe ni wazo la Hoffmann?

Kohn walikuwa na mbunifu wao, Gustav Siegel. Alizaliwa 1880, akasoma kwa Hoffmann, na mwaka 1899 akiwa kijana wa miaka 19 akapewa kuongoza ofisi ya ubunifu ya kiwanda. Banda la Kohn kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1900 lilikuwa kazi yake na lilishinda tuzo ya juu. Kwenye katalogi za Kohn viti vilipangwa kwa namba: cha Purkersdorf ni 322, Sitzmaschine ni 670, cha Fledermaus ni 728. Mnunuzi alikuwa ananunua namba. Majina yalikuja kupandikizwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale miaka mingi baadaye, kwa sababu jina huuza.

Kuna viti, meza na makochi mengi ya Kohn yenye vitufe ambavyo minada inaandika Hoffmann bila ushahidi zaidi ya vitufe vyenyewe. Hayo ni mabishano yanayojizunguka: kina kitufe, basi ni cha Hoffmann, ni cha Hoffmann, basi kitufe ni alama yake. Inawezekana kabisa kitufe kilizaliwa kwenye karakana ya Kohn, kwa mafundi ambao hatutawajua kamwe, halafu mwalimu na mwanafunzi wote wakakitumia.

#11 Mzee wa Minada (Brussels)

Mchora Ramani, hapo umegusa kidonda cha biashara hii. Ukisoma orodha ya mnada, tazama maneno madogo. "Josef Hoffmann" ni kitu kimoja. "Inahusishwa na Josef Hoffmann" ni kingine. "Kwa mtindo wa" ni kingine kabisa. Bei inashuka kila neno linapoongezeka.

Lakini tusivuke mpaka. Purkersdorf na Fledermaus ni majengo yake, vyumba vilipigwa picha wakati ule ule, na viti vinaonekana humo. Fledermaus lilikuwa kwenye Kärntner Strasse, baa yake ilifunikwa vigae zaidi ya 7,000 vya rangi vya Bertold Löffler na Michael Powolny, na viti vyeusi na vyeupe vilipangwa viendane na ukumbi mzima. Mtu aliyepanga mpaka kiberiti na vibebea maua hangeachia kiti kichaguliwe na wengine.

#12 Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu, hamjambo. Mimi si mtaalamu. Nyumbani kwa marehemu bibi yangu kuna kiti cha mbao iliyopindwa, mgongo ni mviringo mmoja ndani ya mwingine, kikalio ni cha henzirani iliyofumwa. Kuna pete kwenye miguu. Vitufe hakuna. Chini kuna kipande cha karatasi kilichoungua kwa umri, herufi zimefutika. Wajukuu wanataka kukipaka rangi ya dhahabu. Je, kinaweza kuwa cha huyo Bwana Hoffmann?

#13 Mzee wa Minada (Brussels)

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa maelezo yako hicho si cha Hoffmann. Ni cha ukoo wa kiti namba 14, ambao viwanda vingi vya Ulaya viliutengeneza baada ya 1869 na kuusambaza duniani kote kwa meli. Lakini tafadhali, rangi ya dhahabu isiguse kile kiti. Na hiyo karatasi usiibandue, usiifute kwa maji. Ipige picha mchana, mwanga uje kwa pembeni, herufi zilizofifia huonekana vizuri zaidi hivyo.

Angalia pia upande wa ndani wa fremu ya kikalio. Thonet na Kohn walikuwa na tabia ya kupiga muhuri wa moto kwenye mbao mbali na karatasi. Ukiona "Mundus" imeungana na Kohn, kiti ni cha baada ya 1914, maana kampuni hizo ziliungana mwaka huo.

#14 Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Wajukuu nimeshawapokonya brashi.

#15 Seremala wa Keko

Bi Mkubwa, henzirani ikikatika usikubali fundi akupigie plaiwudi juu yake kwa misumari. Fremu ina matundu madogo yamezunguka, ndiyo njia ya kufumia. Msumari ukipasua kati ya tundu na tundu, fremu nzima imekwenda.

#16 Mtwapa Mlangoni

Nyinyi mnasifia mraba wa Vienna miaka ya 1900. Watu wa Lamu, Pate na Siyu walikuwa na kiti cha enzi tangu karne ya 19: fremu ya mbao nyeusi iliyonyooka kabisa, mgongo wenye vigae vya nyuzi zilizosukwa ndani ya vimraba, pembe za ndovu zimepachikwa kwa mistari. Kiweke karibu na kiti cha Hoffmann uone ni nani amenyoosha mstari zaidi. Wala sisemi alikiona. Nasema macho yetu yanaujua mraba siku nyingi.

#17 Mchora Ramani (Nairobi)

Mtwapa, kila uzi wewe lazima ufike Lamu. Hata uzi wa matairi ulifika Lamu.

Lakini kuna kitu ndani ya hoja yako. Kiti cha enzi kinakaliwa wima, ni kiti cha heshima, mgeni anapewa aonekane. Sitzmaschine ni kinyume: mtu anajilaza. Mraba ni ule ule, kazi ni tofauti.

#18 Mfuasi wa Loos

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyemtaja Adolf Loos, msanifu majengo mwingine wa Vienna! Yeye na Hoffmann walizaliwa Desemba 1870, wote Moravia, wamepishana siku tano tu. Loos alizaliwa Brno tarehe 10, Hoffmann alizaliwa Pirnitz, siku hizi Brtnice, tarehe 15. Maisha yao yote walivutana.

Loos alitengeneza viti vya Café Museum, mkahawa wa Vienna, mwaka 1899, Kohn hao hao ndio waliovipinda. Hakuweka kitufe. Alichofanya ni kubadilisha umbo la fimbo yenyewe. Badala ya mviringo kamili, fimbo ikikatwa ni kama yai, nene pale penye mzigo na nyembamba pale pasipo mzigo. Kiti kikawa chepesi na imara, na huoni kilichofanyika mpaka ushike kwa mkono. Jirani wa Danube yuko sahihi: mwenye kujua muundo hahitaji gololi.

Na kwa Waafrika wenzangu: Loos huyo huyo alichukua kigoda cha Misri ya kale, cha miguu mitatu, akakitengeneza karibu kama kilivyo. Alisema kama kitu kimeshakamilika, hakuna sababu ya kukibuni upya. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde.

#19 Seremala wa Keko

Mfuasi wa Loos, hicho kiti cha Café Museum kina kitu kinachounganisha miguu chini au hakina? Kwenye picha naona upinde mzima. Basi usilinganishe. Aliyeondoa pete ndiye aliyelazimika kuweka kitufe. Aliyebakiza pete hana shida hiyo.

#20 Jirani wa Danube

Seremala, kwenye Sitzmaschine hoja yako inapata tabu. Vitufe vingine viko kwenye mikono ya kiti, kwa nyuma, vimepangwa mfululizo. Kazi yake inajulikana: nyuma ya mgongo kuna fimbo, unaisogeza ikakaa kati ya kitufe na kitufe, mgongo unalala zaidi au unasimama. Hapo nakubali ni kazi tupu. Lakini kwenye kiti hicho hicho kuna vitufe vya pembeni. Je, vile vya marekebisho vilikuja kwanza, vingine vikafuata ili kiti kionekane na lugha moja?

#21 Mchora Ramani (Nairobi)

Hiyo ni nadharia ya nne na mimi naipenda. Tazama upande wa Sitzmaschine: mguu wa mbele, mkono na mguu wa nyuma ni mzunguko mmoja wa mbao iliyopindwa, ndani yake kuna ubao wenye matundu ya mstatili. Mgongo una matundu ya mraba. Kote ni mraba na mstari. Katikati ya mraba wote huo, tufe ndilo umbo pekee linaloweza kusimama peke yake bila kugombana na chochote. Msanifu anajua hilo kwa jicho kabla fundi hajalijua kwa nyundo.

#22 Kerezo

Fundi huanza kwa nyundo, jicho linafuata. Huo ndio ugomvi wetu na nyinyi wachora ramani miaka yote.

#23 Chaki Nyeupe

Nimesoma kwamba Sitzmaschine ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa Purkersdorf walale juani. Inaingia akilini, mgongo unalala.

#24 Mzee wa Minada (Brussels)

Inaandikwa hivyo hata na majumba makubwa ya makumbusho, MoMA ya New York ikiwemo. Lakini picha za zamani za chumba cha chakula zinaonyesha kiti namba 322, na ukumbi wa kuingilia ulikuwa na viti vya Koloman Moser, vile vya umbo la sanduku, vyeusi na vyeupe, vikalio vimefumwa kama ubao wa drafti. Hivyo navyo watu humpa Hoffmann kila siku, kumbe ni vya Moser, vilivyotengenezwa na kampuni ya Prag-Rudniker. Mahali ninapoiona Sitzmaschine ikiwekwa kwa uhakika zaidi ni kwenye maonyesho ya Kunstschau ya 1908 Vienna, ambapo Hoffmann aliwajengea Kohn nyumba ndogo ya shamba na kuijaza samani zao.

Wengine wanasema ni ndugu wa kiti cha William Morris cha Uingereza, chenye mgongo wa kulaza kwa fimbo. Hilo halina ubishi mkubwa, wazo la fimbo lilikuwepo.

#25 Dada wa Muscat

Salaam. Naomba msaada wa haraka. Nilinunua mtandaoni viti viwili kama vya Fledermaus, muuzaji akasema ni vya 1910. Vimefika. Rangi ni moja kila mahali, hata chini ya kikalio, hata ndani ya tundu la skrubu. Skrubu zina kichwa cha msalaba. Muuzaji hajibu tena. Nimeumia sana, nilikusanya pesa muda mrefu.

#26 Mzee wa Minada (Brussels)

Pole sana dada. Skrubu ya kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na kuendelea, hivyo ama kiti ni kipya ama kimefunguliwa na kurudishiwa skrubu mpya. Moja peke yake haitoshi kuhukumu. Mbili pamoja, rangi ndani ya tundu na skrubu, zinanifanya niseme ni nakala. Fahamu pia kwamba nakala halali zipo: Wittmann wa Austria wanatengeneza samani za Hoffmann kwa leseni, na zina alama zao. Nakala ya halali ina thamani yake. Isiyo na alama na imeuzwa kama ya kale ni udanganyifu. Hifadhi mazungumzo yote na muuzaji, na kama ulilipa kwa kadi, fungua malalamiko benki leo, usingoje kesho.

#27 Kerezo

Dada wa Muscat, kuna kipimo kimoja cha kitufe. Mbao ikikauka husinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kitufe kilichokerezwa duara kamili miaka mia iliyopita leo si duara tena, kimekuwa na umbo la yai kidogo sana. Chukua kalipa, pima kufuata nyuzi, halafu pima kukata nyuzi. Vipimo vikilingana kabisa pande zote, kitufe ni kijana.

#28 Seremala wa Keko

Kerezo, nakubali nusu. Kitufe kipya kilichokerezwa kutoka mbao mbichi kidogo, kikakaa Muscat kwenye kiyoyozi mwaka mmoja, nacho kitakuwa yai. Kipimo chako kinaweza kumtoa mwongo, hakiwezi kumthibitisha mkweli.

#29 Dada wa Muscat

Nimepima. Pande zote sawa. Asanteni, nimefungua malalamiko benki.

#30 Mkaa Pembeni

Nimefuata uzi huu kimya. Kuna upande hamjaugusa na mimi siwezi kupita bila kuusema.

Wateja wengi waliomfanya Hoffmann awe Hoffmann walikuwa Wayahudi. Viktor Zuckerkandl aliyejenga Purkersdorf. Fritz Waerndorfer, aliyeanzisha Wiener Werkstätte pamoja na Hoffmann na Moser mwaka 1903 kwa pesa zake, mpaka zikamwishia akahamia Marekani mwaka 1914. Familia ya Kohn wenyewe. Mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria, nyumba hizi zilipokonywa, samani zikauzwa, watu wakakimbia au wakauawa. Amalie Zuckerkandl, wa familia hiyo hiyo kwa ndoa, aliuawa mwaka 1942. Hoffmann alibaki Vienna, akafanya kazi chini ya utawala ule, ikiwemo kugeuza ubalozi wa zamani wa Ujerumani kuwa nyumba ya maafisa wa jeshi.

Kwa hiyo mnapopima vitufe kwa kalipa, ulizeni pia: kati ya 1938 na 1945 kiti hiki kilikuwa sebuleni kwa nani, na kilitokaje? Austria ina sheria ya 1998 ya kurudisha vilivyo kwenye makumbusho ya serikali. Vilivyo mikononi mwa watu binafsi, sheria hiyo haivifikii.

#31 Mzee wa Minada (Brussels)

Asante kwa kulisema. Mimi sinunui kitu cha Vienna cha kabla ya 1938 kisicho na maelezo ya miaka hiyo saba. Nimeacha vitu vizuri kwa sababu hiyo na sijuti. Viti vya mikahawa ni vigumu kufuatilia, vilitengenezwa kwa maelfu. Lakini samani zilizobuniwa kwa nyumba moja, zile Wiener Werkstätte walizotengeneza kwa mkono na kupiga alama ya waridi, herufi za mbunifu na herufi za fundi, hizo zina mwenyewe. Mtu akikwambia hajui zilitoka wapi, ondoka.

#32 Mfuasi wa Loos

Nakubaliana na Mkaa Pembeni kwa kila neno. Nirudi kwenye vitufe kwa hoja moja. Mwaka 1910 Hoffmann alibuni kiti cha Kubus, ngozi tupu iliyoshonwa vimraba. Hakuna kitufe hata kimoja. Kama vitufe vingekuwa sahihi yake, angeviweka popote, hata chini kwenye vijiguu.

#33 Seremala wa Keko

Umenisaidia bila kupenda. Kubus ina fremu ya ndani iliyofunikwa, kona zake zimeshikwa huko huko. Hakuna pete iliyoondolewa, kwa hiyo hakuna kitufe. Ndicho ninachosema tangu namba 3.

#34 Jirani wa Danube

Au kwenye ngozi mraba ulitosha kuwa pambo, basi kitufe hakikuhitajika. Hoja hiyo hiyo inasimama pande zote mbili, fundi.

#35 Kerezo

Maneno yametosha. Ninayo mbao kavu. Nitapinda fremu mbili kama za 322 kwa mvuke, bamba la chuma upande wa nje kama alivyofanya Thonet, maana mbao inakubali kubanwa lakini haikubali kuvutwa. Moja naipa vitufe, nyingine naiacha. Zote nazining'iniza mzigo mpaka zivunjike.

#36 Mchora Ramani (Nairobi)

Huo mtihani hautoshi. Unahitaji ya tatu yenye kona za kawaida za mbao, la sivyo utathibitisha tu kwamba kitu fulani ni bora kuliko hakuna kitu. Sisi tunauliza kama tufe lina faida kuliko kona.

#37 Seremala wa Keko

Sawa, fremu tatu. Na usizining'inize. Kiti hakivunjiki kwa kukaliwa kimya, kinavunjika kwa kutikiswa. Egemeza nyuma, rudisha, egemeza, rudisha, mpaka ulimi ulegee. Hesabu mara ngapi.

#38 Kerezo

Nitafanya hivyo. Gundi nitatumia ya kisasa.

#39 Seremala wa Keko

Usithubutu! Gundi ya kisasa itashika zote tatu mpaka mwakani na hatutajua lolote. Wakati ule ilikuwa gundi ya kuchemsha, ya ngozi na mifupa. Tafuta hiyo, na skrubu ziwe za mkato mmoja. Mimi nitakutumia mninga wa vitufe.

#40 Mfuasi wa Loos

Mninga? Vitufe vya Kohn vilikuwa vya biichi. Mkibadilisha mbao, matokeo siyapokei.